Mfungaji bora: kumuuza Januari ao kumbakiza hadi kombe liishe?

Kila mwaka unapokaribia kuisha, swali ni lile lile katika klabu zetu kubwa. Mshambuliaji ameanza kufunga, jina lake linasikika redioni, na simu zinaita toka Ubelgiji, Misri na Tanzania. Kamati ya klabu inakaa usiku kucha. Tumuuze sasa wakati bei iko juu, ao tumbakize hadi kombe la Afrika liishe? Wapenzi wa timu hawana shida ya kujibu. Kwao kumuuza mfungaji ni sawa na kuuza mlango wa nyumba na kuacha nyumba wazi.

Sisi tunasema: auzwe. Lakini asiondoke Januari, wakati timu iko ndani ya makundi, na asiondoke kabla mtu wa kushika nafasi yake hajaanza mazoezi na wenzake. Kuna tofauti kubwa kati ya kumuuza mchezaji na kumwachilia aende siku hiyo hiyo, na klabu nyingi za Kongo zinachanganya mambo haya mawili.

Wale wanaosema abakizwe kwa gharama yoyote wanataja jina moja kwanza: Trésor Mputu. Alifika hadi Arsenal kufanya majaribio, klabu za nje zilimtaka, lakini TP Mazembe ikabaki naye. Matunda tuliyaona. Mwaka 2009 Mazembe ilichukua Ligi ya Mabingwa mbele ya Heartland ya Nigeria, kombe ambalo Lubumbashi ilikuwa haijalishika tangu 1968. Mwaka huo huo Mputu alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa Afrika kati ya wale wanaocheza ndani ya bara, na timu ya taifa ikashinda CHAN ya kwanza kule Côte d'Ivoire. Nani angethubutu kusema kumbakiza lilikuwa kosa?

Lakini watu hao hao wanasahau mwaka uliofuata. Mwaka 2010 Mputu alisimamishwa na FIFA kwa mwaka mmoja, kwa sababu ya vurugu dhidi ya mwamuzi katika mashindano ya Kagame mjini Kigali. Bila yeye, Mazembe iliipiga Espérance ya Tunis 5-0 katika fainali ya kwanza, ikachukua tena Ligi ya Mabingwa. Bila yeye ilikwenda Abu Dhabi mwezi wa Desemba, ikaitoa Internacional ya Brazili 2-0, na ikawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la klabu. Inter Milan ilishinda fainali hiyo 3-0, sawa, lakini hakuna mtu wa Lubumbashi aliyelala mapema usiku ule wa kuishinda Internacional. Timu ilikuwa imejengwa vizuri kiasi kwamba nyota wake mkubwa alikaa nje na kazi ikaendelea. Mputu mwenyewe alihamia Kabuscorp ya Angola mwaka 2014, akiwa na miaka 28, wakati bei yake haikuwa tena ile ya 2009.

Wale wanaosema auzwe haraka wanamtaja Mbwana Samatta. Na kweli, ile ni hadithi nzuri ya biashara ya mpira. Kijana wa Tanzania alikuja Mazembe toka Simba mwaka 2011. Mwaka 2015 alifunga magoli 7 katika Ligi ya Mabingwa, Mazembe ikaishinda USM Alger nyumbani na ugenini, kombe la tano likaingia Kamalondo. Mwanzoni mwa Januari 2016 alipewa tuzo ya mchezaji bora anayecheza Afrika, na kabla mwezi huo haujaisha alikuwa mchezaji wa Genk ya Ubelgiji. Huko alifunga hadi Genk ikawa bingwa mwaka 2019. Januari 2020 akaingia Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza.

Hapa ndipo tunaomba wasomaji waangalie kalenda, maana wengi hawaiangalii. Samatta alipoondoka Januari 2016, Ligi ya Mabingwa ilikuwa imeisha tangu Novemba. Wakati ule mashindano ya CAF yalianza mwanzo wa mwaka na kuisha mwisho wa mwaka. Januari ilikuwa mapumziko. Klabu ilimuuza mfungaji wake akiwa amemaliza kazi, kombe likiwa tayari kabatini. Tangu msimu wa 2018-2019 CAF ilibadilisha: sasa mashindano yanaanza katikati ya mwaka na kuisha mwezi wa tano ao wa sita mwaka unaofuata. Januari imekuwa katikati ya safari. Anayeuza Januari leo akisema "hata Samatta tulimuuza Januari" analinganisha vitu viwili ambavyo havifanani. Samatta aliondoka mavuno yakiwa ghalani. Wa leo anaondoka mahindi yakiwa bado shambani.

Na hata kwa mauzo yale mazuri kulikuwa na bei ya kulipa uwanjani. Mwaka 2016 Mazembe, bingwa mtetezi, ilitolewa na Wydad ya Casablanca mapema kabisa, kabla ya makundi. Iliangukia Kombe la Shirikisho, ikalichukua mwaka huo na mwaka 2017 tena. Si mambo madogo, makombe mawili ni makombe mawili. Lakini Ligi ya Mabingwa haijarudi Lubumbashi tangu Samatta ainyanyue. Mwaka 2024 timu ilifika nusu fainali, ikatoka 0-0 na Al Ahly nyumbani, kisha ikapigwa 3-0 Cairo. Yeyote aliyeangalia mechi ya Kamalondo aliona kilichokosekana: mtu wa kumalizia.

Mfano wa tatu uko kwa majirani, lakini mhusika ni wetu. Fiston Mayele, mtoto wa Mbuji-Mayi, alitoka AS Vita Club akaenda Yanga ya Dar es Salaam mwaka 2021. Msimu wa 2022-2023 alifunga magoli 17 katika ligi ya Tanzania na 7 katika Kombe la Shirikisho, Yanga ikafika fainali. Ikapoteza mbele ya USM Alger kwa sheria ya goli la ugenini tu. Baada ya fainali, siyo kabla, Yanga ikamuuza kwa Pyramids ya Misri. Wapenzi wa Yanga walilia. Klabu haikutafuta Mayele mwingine mmoja. Iligawa magoli kwa watu wengi: Aziz Ki, ambaye ni kiungo, alifunga 21 katika ligi, na ikamchukua Maxi Nzengeli toka Maniema Union ya kwetu Kindu. Ubingwa wa Tanzania ulibaki Jangwani na timu ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa.

Je, hawakumkumbuka Mayele? Walimkumbuka sana. Katika robo fainali hiyo ya 2024 Yanga ilicheza mechi mbili na Mamelodi Sundowns, zote zikaisha 0-0, ikatolewa kwa penalti. Mechi mbili nzima bila goli! Mwaka mmoja baadaye Mayele akiwa na Pyramids alikutana na Sundowns hao hao katika fainali, akafunga katika mechi ya pili Cairo, na Pyramids ikawa bingwa wa Afrika Juni 2025. Hatufichi mfano huu, hata kama unapinga kidogo maoni yetu. Anayeuza mfungaji atamkosa. Anachoweza kuchagua ni siku ya kumkosa tu, na Yanga ilichagua siku nzuri: mechi ya mwisho ilikuwa imechezwa, na kulikuwa na wiki nyingi za kutengeneza timu upya.

Msimu ule ule wa 2022-2023 ulitupa picha nyingine, na hii inauma zaidi. Januari 2023 Mazembe ilimwazimisha mshambuliaji Jean Baleke kwa Simba. Mwezi uliofuata Mazembe ilianza makundi ya Kombe la Shirikisho, ikapigwa na Yanga nyumbani na ugenini, na ikamaliza ya mwisho katika kundi ikiwa na pointi 3. Baleke kwa upande wake alikuwa anafunga Dar es Salaam, hata dhidi ya Wydad katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Hatusemi kwamba Baleke peke yake angeiokoa Mazembe ile. Ilikuwa na matatizo hadi nyuma kwa kipa. Lakini klabu iliyoingia makundi ikiwa na njaa ya magoli ilikuwa imekopesha sahani yake kwa jirani.

Sasa pesa, maana bila pesa mazungumzo haya ni ya bure. Katika Ligi ya Mabingwa ya 2023-2024, klabu iliyotolewa kwenye makundi ilipata dola 700,000 na bingwa alipata milioni 4. Kila hatua ina bei yake. Prezidenti wa klabu anayeuza mfungaji Januari lazima atoe hesabu hiyo: anapokea kiasi gani mkononi, na anaweza kupoteza kiasi gani kama timu itakwama kwenye makundi kwa kukosa magoli mawili matatu? Mara nyingi anahesabu upande mmoja.

Kuna pesa nyingine ambayo viongozi wetu wengi wanaiacha mezani. Kwa sheria ya FIFA, mchezaji anapouzwa toka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake kuisha, asilimia 5 ya bei inagawiwa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kwa kila msimu toka miaka 16 hadi 23, ni nusu asilimia. Chukua Samatta: bei iliyotajwa alipokwenda Aston Villa ilikuwa paundi milioni 8.5. Nusu asilimia ya hiyo ni paundi 42,500 kwa kila msimu wa malezi. Zidisha kwa misimu aliyokaa Lubumbashi kabla ya kupita umri huo, utaona kwamba kumlea mchezaji vizuri na kuandika vizuri karatasi zake kunalipa hata miaka minne baada ya kuondoka. Ukiongeza sehemu ya mauzo yajayo ndani ya mkataba wa kwanza, hauna haja ya kukimbilia bei ya Januari.

Jambo baya kuliko yote ni kungoja bila kuamua. Mchezaji akibakiza miezi 6 katika mkataba, sheria inamruhusu kusaini na klabu nyingine, naye ataondoka bure mkataba ukiisha. Tumeona wengi wakiondoka hivyo, na kesho yake kiongozi anakuja redioni kulalamika kwamba kijana hana shukrani. Kijana amefanya kosa gani? Aliyetakiwa kumwita na kumwongezea mshahara mwaka mmoja kabla ni nani?

Upande wa mchezaji ndio unaotusumbua zaidi. Ni rahisi kuandika kwamba asubiri hadi Juni. Lakini goti linaweza kuvunjika mwezi wa tatu. Klabu ya Ulaya inayomtaka Januari inamtaka kwa sababu washambuliaji wake wameumia. Juni itakuwa na majina kumi mengine mezani. Na huyu ni kijana ambaye mara nyingi analisha watu wengi. Tangu Goma iingie mikononi mwa M23 Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, wachezaji wengi wenye jamaa Kivu wanatuma pesa kwa wazazi waliokimbia ao waliokwama. Kumwambia mtu kama huyo "ngoja kwanza, tuna robo fainali" bila kumpa kitu ni ukatili.

Kwa hiyo apewe kitu. Klabu ya kununua na ya kuuza zisaini Januari, bei iandikwe, sehemu ilipwe, na mchezaji aende Juni kombe likiisha. Mpango wa namna hii ni wa kawaida Ulaya na hakuna sheria inayoukataza kwetu. Miezi hiyo ya kungoja alipwe zaidi, awe na bima ya kuumia, na yote yaandikwe, siyo kuahidiwa mdomoni mbele ya wajomba. Kama mnunuzi anakataa kabisa na pesa ni kubwa kupita yote ambayo kombe lingeleta, basi auzwe hata Januari, lakini kamati itoke mbele ya wapenzi na kusema namba hizo waziwazi.

Hayo ni ya Mazembe, Vita na Maniema Union, ambayo msimu wa 2024-2025 ilicheza makundi ya Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza. Klabu ndogo za Goma, Bukavu na Bunia ziko na tatizo la mbele zaidi: mfungaji wao anaondoka bila kuuzwa kabisa. Ajenti anampandisha boti ao ndege, na klabu inasikia habari toka kwa majirani. Mara nyingi hakukuwa na mkataba, wala tarehe ya kuzaliwa iliyoandikishwa, wala karatasi ya kuonyesha kwamba alicheza hapo akiwa na miaka 16. Bila karatasi hizo, siku kijana atakapouzwa kwa mamilioni, ile nusu asilimia ya kila msimu haitapita Kivu wala Ituri. Daftari la wachezaji na muhuri wa ligi ya jimbo havigharimu hata bei ya jozi moja ya viatu vya mpira.