Breki ya diski: nunua ile anayoiweza fundi wa chini ya mwembe

Haya wadau, leo sina habari ya bumu wala ya mtihani. Leo tuongee breki. Sisi wenye baiskeli za mtumba, zile za milimani zenye matairi manene, swali letu ni moja: breki ya diski imekufa, ninunue ipi? Na jibu linalotolewa kwa sauti kubwa kule hosteli ni "chukua haidroliki, umemaliza matatizo". Mimi napinga, na nitasema kwa nini.

Kwanza tuwe wakweli. Haidroliki ni nzuri. Mafuta husukuma pedi za pande zote mbili kwa pamoja, unakamata kwa kidole kimoja, na pedi zikilika breki inajirekebisha yenyewe. Ya waya, hasa zile za bei ya chini, inasukuma pedi ya upande mmoja tu, na diski inapinda kidogo kuifuata pedi ya pili iliyotulia. Pedi zikilika, kukaza ni juu yako. Hapo sibishi. Ningekuwa mtu wa mashindano, nisingeandika haya.

Lakini sisi si watu wa mashindano jamani. Sisi tunashuka mteremko tukiwa na begi la vitabu mgongoni, daladala mbele, bodaboda pembeni. Mlimani hapakuitwa Mlimani kwa utani. Na sisi wa ualimu tuna TP, yaani mazoezi ya kufundisha: ukipangiwa Lushoto au Makete ukaenda na baiskeli yako, ni milima asubuhi na milima jioni. Swali la maana kwangu si "ipi ina nguvu zaidi siku ya kwanza". Ni "ikiharibika huko, nani ataitengeneza?"

Haidroliki ikiingiwa na hewa, kishikio kinalegea mpaka kinagusa usukani. Hapo unahitaji mafuta yake, bomba la sindano na mtu anayejua kutoa hewa. Na mafuta yenyewe ni ya aina mbili zisizochanganywa. Breki za Shimano hutumia mafuta ya madini. Za Avid na nyingi za SRAM hutumia DOT, yale yale ya jamii ya breki za magari na pikipiki. Hata jina la kampuni halitoshi kukuambia, maana SRAM hao hao mwaka 2022 walitoa DB8 inayotumia mafuta ya madini. Sasa pata picha: duka la spea za magari lina DOT, fundi kwa nia njema kabisa anaijaza kwenye Shimano yako. Raba za ndani zinavimba, breki kwisha habari yake. Na huwezi kumlaumu, kazi aliyoizoea ni ya pikipiki.

"Basi nitanunua ya DOT," utasema. Sawa, lakini DOT hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo inataka kubadilishwa kila baada ya muda, na ikimwagika inakula rangi ya fremu. Hela ya kuilea kila mara itatoka bumu lipi?

Ya waya ikikatika, unaweka waya mwingine wa breki, kazi ambayo fundi wa pancha ameifanya tangu hatujazaliwa. Tena kama baiskeli yako ina vishikio vya breki za V, kalipa nyingi za waya za baiskeli za milimani zinakubaliana navyo. Chunga tu usiuziwe kalipa ya baiskeli ya mbio za barabarani. Ile inataka kishikio chenye mvuto mfupi, ukichanganya haishiki vizuri.

Kabla hujatoa hela, nenda dukani na rula. Pima tundu za bolti za kalipa: zikiwa milimita 74 kutoka moja hadi nyingine ni post mount, zikiwa 51 ni IS, na hizi mbili hazivaani bila adapta. Tazama diski: kipenyo cha kawaida ni milimita 160, 180 au 203, na imefungwa kwa bolti sita au kwa meno ya katikati, yaani Center Lock. Soma na maandishi yake. Ikiandikwa "resin pad only", usiiwekee pedi za chuma, utaila diski yenyewe. Kama diski inakubali zote, mimi nachagua za chuma kwa masika na matope: zinapiga kelele kidogo lakini zinadumu. Za resini zimetulia, ila tope linazimaliza haraka.

Na wakati mwingine huhitaji breki mpya kabisa! Pedi ikibaki nusu milimita, badilisha pedi tu. Diski ya Shimano ikiwa mpya ina unene wa milimita 1.8. Ikifika 1.5, iache ipumzike.

Ukishafunga, mwambie fundi asiipake diski oili hata tone. Ifute kwa spiriti safi. Halafu kabla ya kushuka mlima wowote, kimbiza baiskeli sehemu tambarare na ukamate breki pole pole mara ishirini hivi, pedi na diski zizoeane.

Najua wapo watakaosema nawarudisha nyuma. Hapana. Kitu cha kisasa ambacho hakuna wa kukitengeneza ni pambo, na mteremko hausimamishwi kwa pambo. Siku utakayoweza kupata mafuta sahihi na fundi wa kuyaweka, nunua haidroliki, nitakupongeza. Kwa sasa, bumu langu linaenda kwenye waya.

Nawasilisha.