Keki ya Tende ya Kumimina



Wapenzi wasomaji, dada yetu mmoja wa pwani anayeishi na mumewe Kanamkemer, mjini Lodwar, ametuletea swali. Binti zake wameona katika simu keki ya Kimarekani ya stroberi na jibini, ile inayomiminwa tabaka juu ya tabaka bila kukorogwa, nao wanaitaka kwa Idi. Joko hana, na jibini la kuagiza bei yake yamshinda. Je, akope ili asivunje nyoyo za wanawe?

Jawabu letu ni kwamba asikope. Deni ni jambo ambalo Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga nalo kwa Mola wake ndani ya sala, vipi tulitafute kwa ajili ya kitamutamu? Stroberi ni tunda la nyanda zenye ubaridi, nalo huharibika upesi. Kutoka Kitale hadi Lodwar ni takriban kilomita 300, na joto la huko lajulikana.

Lakini furaha ya watoto nayo ina haki yake. Keki hii yataka vitu vitatu tu: tunda tamu, maziwa yenye uchachu, na unga mkavu unaolowa kwa siagi. Tende yatosha mahali pa stroberi. Tena katika Sunan ya Abu Dawud imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alipenda siagi pamoja na tende.

Chuja lita 1 ya mtindi mzito kwa kitambaa safi kwa saa 3 au 4, mahali penye kivuli; kwa joto la Lodwar usiuache usiku kucha. Tumia wa ng'ombe au wa mbuzi, kwani maziwa ya ngamia hayagandi vizuri. Changanya na yai 1 na vijiko 3 vya sukari.

Chemsha nusu kilo ya tende zilizotolewa kokwa kwa vikombe 2 vya maji mpaka zilainike. Zimimine katika sufuria nzito iliyopakwa siagi, kisha mtindi juu yake. Nyunyiza vikombe 1½ vya unga wa ngano uliochanganywa na nusu kikombe cha sukari, vijiko 2 vya chai vya hamira ya keki na iliki iliyosagwa. Usikoroge. Mwagia gramu 150 za siagi iliyoyeyushwa, ienee kote.

Moto ni ule wa bibi zetu wa mkate wa sinia: makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Mkaa wa mathenge wafaa. Baada ya dakika 40 hivi uso utakuwa wa rangi ya dhahabu. Jiko likae uwanjani, kwani mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua.

Mwenye uwezo wa kununua vya dukani naye asome kibandiko. Jeli huweza kuwa na gelatini ya nguruwe, jibini huweza kugandishwa kwa kitu cha tumboni mwa mnyama asiyechinjwa kisheria, na vanila ya majimaji mara nyingi huwa na pombe. Iliki haina shaka.

Nanyi waume, mkewe mtu amesimama juani mbele ya makaa. Asiambiwe kuwa keki ya kwenye simu ilikuwa nzuri zaidi. Mtume (s.a.w.) hakuwa akikitia ila chakula. Na sahani moja ivuke ua kwenda kwa jirani, awe Muislamu au asiwe. Ugeni wa Kanamkemer hupungua kwa sahani kama hiyo, nayo hurudi nyumbani ikiwa na dua.

Mwenyezi Mungu azibariki riziki zetu na atukinge na madeni. Wabillahi tawfiq.