Usalama wa Wajenzi Uanze kwa Viongozi

Hapana mwananchi wa Karagwe au wa Kyerwa asiyefurahi aonapo kuta za shule mpya zikiinuka kijijini kwake, au zahanati ikiezekwa mahali ambapo jana palikuwa na kichaka. Tangu Kyerwa ilipotengwa na Karagwe na kuwa wilaya kamili mwaka 2012, kazi ya kujenga imeongezeka pande zote mbili, kuanzia Kayanga na Omurushaka hadi Nkwenda, Isingiro na Murongo mpakani. Furaha hiyo ni haki yetu. Lakini furaha hiyo isitusahaulishe kuuliza jambo moja: wale walioziinua kuta hizo, je, wote walirudi nyumbani kwao wazima?

Twauliza hivi kwa sababu ujenzi wa wilaya zetu una namna yake. Majengo mengi ya umma huku hayajengwi na makampuni makubwa yenye wahandisi na maofisa wa usalama. Hujengwa kwa utaratibu ambao watu wameuzoea kwa jina la fosi akaunti: fedha huletwa shuleni au katika kituo cha afya, kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi huundwa, na fundi wa papo hapo hupewa kazi. Fundi naye huita wasaidizi wake. Wasaidizi hao wengi ni vijana wakulima wa migomba na kahawa, ambao leo wamo shambani na kesho wamebeba zege.

Utaratibu huo una faida zake, nasi hatuupingi. Umepunguza gharama, na umewapa mafundi wa vijijini kazi ambayo zamani ingewapita. Mwaka 2021, Serikali ilipoamua kujenga vyumba vya madarasa 15,000 nchini kwa fedha za mpango wa kupambana na UVIKO-19, kila chumba kilitengewa shilingi milioni 20, na mafundi wa namna hiyo ndio waliobeba sehemu kubwa ya mzigo ule. Lakini utaratibu huo umeleta pia jambo ambalo watu wachache hulifikiri. Umemfanya mwalimu mkuu, mganga wa kituo, mtendaji wa kata na mwenyekiti wa kamati kuwa wasimamizi wa mahali pa ujenzi. Watu hao hawakusomea ujenzi, na wengi wao hawakuambiwa kwamba pamoja na fedha wamekabidhiwa pia roho za watu.

Basi yatupasa tuseme wazi: katika wilaya zetu usalama wa mjenzi umo mikononi mwa viongozi hao kuliko mikononi mwa mtu mwingine yeyote. Mkaguzi hawezi kuwa katika kila kijiji. Ofisi ya Kanda ya Ziwa ya Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, iko Mwanza, na mtaro wa msingi uliochimbwa asubuhi huko Kyerwa waweza kumwangukia mtu kabla ya jua kutua. Anayeweza kuuzuia ni yule aliyesimama kando yake.

Wako watakaotujibu kwa msemo wa siku zote kwamba ajali haina kinga. Sisi twasema msemo huo umetumiwa vibaya. Jukwaa lililofungwa kwa mirunda iliyooza lina kinga: ni kuitupa mirunda hiyo na kukata mingine. Shimo la choo lenye kina kirefu na kingo zilizosimama wima lina kinga: ni kuzilaza kingo zake au kuzishikiza kwa mbao, na kuuweka mbali udongo uliotolewa. Meta moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa zaidi ya tani moja, na mtu aliyefukiwa hadi kifuani hushindwa kuvuta pumzi hata kama kichwa chake kiko nje. Duniani kote kuanguka kutoka juu ndiko kunakoongoza kwa kuwaua wajenzi, na jengo halihitaji kuwa la ghorofa ili limwangushe mtu. Kenchi la darasa latosha.

Ikiwa kinga hizo ni rahisi namna hii, mbona hazitumiwi? Jawabu halimo katika ujinga wa mafundi peke yake. Mwaka 1980 mtaalamu mmoja, Dov Zohar, alitangaza matokeo ya uchunguzi wake katika viwanda 20 vya nchi ya Israel. Aliwauliza wafanyakazi namna wanavyouona usalama mahali pao pa kazi, naye akaona kwamba jambo kubwa lililotenga viwanda vyenye usalama na vile visivyo nao ni imani ya wafanyakazi kuhusu wakubwa wao: je, wakubwa wanaujali usalama kwa kweli, au wanausema tu? Mfanyakazi hasomi matangazo yaliyobandikwa ukutani. Humsoma msimamizi wake.

Na msimamizi husomwa kwa swali lake la kwanza. Tufikiri habari ya kiongozi anayekuja kukagua darasa. Akishuka tu katika gari, auliza, "Mmefika wapi? Mtamaliza lini?" Hakuuliza kama ngazi ni imara, wala hakutazama kijana aliyesimama juu ya linta bila kitu cha kujishika. Aondokapo, kila mtu pale amekwisha kufahamu kinachotakiwa. Hata kama jana yake kulitolewa hotuba ya saa nzima juu ya usalama, hotuba hiyo imefutwa na swali moja. Lakini kiongozi yule yule angeanza kwa kuuliza, "Nani aliyelikagua jukwaa hili leo?" naye akakataa kusogea mpaka ajibiwe, mahali pale pangekuwa na desturi mpya tangu siku ile.

Haraka ndiyo adui mkubwa wa usalama, na haraka hiyo mara nyingi hutoka juu. Madarasa ya mwaka 2021 yalitakiwa yawe tayari kabla wanafunzi hawajaanza masomo Januari 2022. Sisi hatuilaumu nia hiyo, kwa maana mtoto asiye na darasa naye ana haki yake. Lakini mkoani Kagera miezi ya mwisho wa mwaka ni miezi ya mvua za vuli. Ndipo udongo wa mitaro unapolegea na miti ya jukwaa inapoteleza, na ndipo tarehe ya mwisho inapokaribia. Aidha, fundi hulipwa kwa kazi nzima, hali msaidizi wake hulipwa kwa siku. Siku iliyosimama ni hasara kwa fundi na ni njaa kwa msaidizi. Kwa hiyo wote wawili watapanda juu ya mti unaoteleza, wala hapana atakayesema neno. Kiongozi apangaye tarehe na asihesabu mvua ameipanga ajali pamoja nayo.

Msomaji asidhani kwamba maafa ya ujenzi ni mambo ya Dar es Salaam tu. Ni kweli kwamba tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa nyingi lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Ni kweli pia kwamba tarehe 16 Novemba 2024 jengo la Kariakoo liliwaangukia wafanyabiashara na wateja wao, likaua watu zaidi ya 20, na aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, Ndugu Kassim Majaliwa, akaunda kamati ya kuyachunguza majengo ya eneo lile. Misiba hiyo ilitangazwa kwa sababu ilikuwa mikubwa na ilitokea mjini. Kijana mmoja akivunjika uti wa mgongo kijijini, hapana redio itakayomtangaza, wala hapana kamati itakayoundwa kwa ajili yake. Habari zake zitabaki kwa mama yake na mke wake.

Nasi wa Kagera tumekwisha kuonywa. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 liliua watu wasiopungua 17 na kubomoa nyumba na shule nyingi za mkoa wetu. Tetemeko lile lilitufundisha kwamba nyumba iliyojengwa vibaya huua. Bado hatujajifunza kwamba kazi iliyosimamiwa vibaya huweza kuua hata kabla nyumba haijakwisha.

Sheria haikosekani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemwekea mwajiri wajibu wa kuwalinda wafanyakazi wake, na imetaka wawepo wawakilishi wa usalama miongoni mwa wafanyakazi wenyewe. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilileta Mfuko wa Fidia, ulioanza kazi mwaka 2015. Tena mwezi Juni 2022, Shirika la Kazi Duniani liliingiza usalama na afya kazini katika haki za msingi za mfanyakazi. Lakini sheria humfikia mtu kwa njia ya karatasi. Kibarua ambaye jina lake halikuandikwa popote, siku ya kuumia kwake itampasa kwanza athibitishe kwamba alikuwa kibarua. Daftari la shilingi elfu mbili lingemwondolea mashaka hayo.

Tunajua kwamba mwalimu mkuu atasema, "Fedha zenyewe hazitoshi hata saruji, kofia ngumu nitazinunua kwa nini?" Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuidharau. Ndiyo maana twaona ni wajibu wa Halmashauri za Karagwe na Kyerwa kuwa na akiba ya kofia ngumu, buti, kamba na mbao za jukwaa, ambazo shule itaazimwa wakati wa kujenga na kuzirudisha imalizapo. Vifaa vya namna hiyo vikinunuliwa mara moja vitahudumia majengo mengi. Na mambo makubwa zaidi hayahitaji fedha hata kidogo: kulikagua jukwaa kila asubuhi, kusimamisha kazi mvua inyeshapo, na kumkataza mtu asipite chini ya mzigo unaopandishwa.

Liko jambo moja jingine lisilo na bei, nalo ndilo gumu kuliko yote, yaani kumsikiliza mdogo. Mara nyingi anayeiona hatari kwanza ni msaidizi wa fundi, kwa kuwa yeye ndiye aliye ndani ya mtaro. Naye hunyamaza, kwa sababu anajua kwamba akisema ataitwa mvivu, na kesho ataitwa mwingine mahali pake. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi majivuno na uonevu. Hapana mahali ambapo agizo hilo lina kazi zaidi kuliko mahali pa ujenzi, ambapo kiburi cha msimamizi mmoja chaweza kuwa kaburi la kibarua mmoja.

Kwa hiyo twatoa rai yetu kwa wanachama na wafanyakazi wote wa wilaya hizi mbili. Kila kamati ya ujenzi imtaje kwa jina mtu mmoja atakayejibu habari za usalama kila siku. Kila asubuhi, kabla ya koleo la kwanza, fundi na wasaidizi wake wazunguke pamoja kutazama ngazi, jukwaa na mitaro. Majina ya vibarua wote yaandikwe siku wanapoanza kazi, na kila tukio la nusura liandikwe pia, maana leo ni tofali lililoanguka pembeni, na kesho ni tofali lililompata mtu. Anayesimamisha kazi kwa sababu ya hatari ya kweli asipoteze ujira wake wa siku ile. Na kiongozi ajaye kukagua, awe wa kijiji, wa wilaya au wa mkoa, avae kofia ngumu kama wengine, na swali lake la kwanza liwe juu ya watu, la pili ndilo liwe juu ya jengo.

Wazee walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta waweza kujengwa tena, lakini mjenzi aliyekufa harudi. Darasa tulijengalo ni kwa ajili ya watoto wetu, na wengi wanaolijenga ni baba na kaka za watoto hao hao. Ni aibu kumpa mtoto darasa na kumnyang'anya baba.