UMEPATAJE, MWANANGU?

Wazazi wapenzi,

Mwezi uliopita nilimwita ubaoni mtoto mmoja wa darasa la nne, afanye 9 mara 4. Akasimama kimya, chaki mkononi, wenziwe wakamcheka. Nami nikamwambia, "Kaketi, hukusoma."

Jumamosi nikamkuta gulioni pamoja na bibi yake, akiuza mayai, yai moja shilingi 400. Nikaomba mayai 9. Papo hapo akasema, "Shilingi 3,600, Mwalimu."

"Umepataje?"

"Kumi ni elfu nne. Natoa mia nne ya yai moja."

Bibi akashangaa. Alikuwa amekwisha kuamua kutomnunulia madaftari tena, maana aliambiwa mjukuu wake hana akili ya shule. Na aliyemwambia hivyo ni mimi.

Jambo hili limeonekana mbali pia. Huko Recife, nchini Brazili, wataalamu Terezinha Nunes, David Carraher na Analúcia Schliemann walikwenda kununua vitu kwa watoto 5 wachuuzi, na mwaka 1985 wakatoa habari zake. Penye biashara watoto walijibu sawa karibu mara 98 katika kila 100. Walipopewa hesabu za namna ile ile zikiwa tarakimu tupu, walipata kama 37 tu. Mmoja, wa miaka 12, aliuza nazi kruzeiro 35 kila moja. Alipoulizwa bei ya nazi 10, hakuongeza sifuri kama tufundishavyo. Alijua nazi 3 ni 105. Akaongeza tatu, 210. Tatu tena, 315. Kisha moja, 350. Sawa kabisa!

Basi Jumatatu nilimwita tena yule wangu. Nikaandika ubaoni: 10 mara 4 ni 40, toa 4. Akacheka: "36! Kumbe ni mayai yale yale!"

Sisemi jedwali la kuzidisha liachwe. Hesabu zikiwa kubwa, kichwa huchoka, na kalamu husaidia. Lakini tuanzie pale mtoto alipokwisha kufika mwenyewe.

Nawe mzazi, mtoto akirudi na alama mbaya, usimwite mjinga, wala usikimbilie fimbo. Mpe hesabu ya debe za mahindi, au ya chenji ya dukani. Kisha mwulize, "Umepataje, mwanangu?" Umsikilize mpaka mwisho.

Ni mimi,
Mwalimu wenu