Burashi si burashi tu, boss

Wandugu, tuseme wazi. Sisi vijana tunaoosha vioo vya maghorofa hapa Kampala tumechoka kupewa burashi ya sakafu imefungwa kwenye mpini wa maji wa mita 9, halafu tunaambiwa eti burashi ni burashi.

Si kweli! Gramu 300 ukizishika mkononi huzisikii. Zipeleke juu mita 9, bega litazisikia kutwa nzima. Tukipumzika kidogo, tunaitwa wakimbizi wavivu.

Burashi ya nailoni ni nyepesi, inatosha kwa kioo kinachooshwa mara kwa mara. Lakini vumbi letu jekundu likikaa miezi, pamoja na mavi ya ndege, linataka nywele za nguruwe, maana zinashika maji na kusugua vizuri. (Mwenzetu Mwislamu asiyetaka kuzigusa apewe nailoni, hapo hakuna mjadala.)

Tena mtazame matundu ya maji. Kuna kioo maji hayatandazi, yanajikusanya matone matone. Hicho kinataka matundu yanayotawanya maji kama feni. Ukitumia yale ya mshipa mwembamba, uchafu unabaki kwenye matone, kioo kikikauka ni madoa tu. Mteja analalamika, na anayekatwa pesa ni sisi, wakati maji yalishachujwa madini yote kwa gharama.

Anayenunua vifaa atuulize kwanza. Asiyetaka, aushike mwenyewe huo mpini toka asubuhi mpaka saa 7, upande wa jua.