Cheti cha Msitu na Mizani ya Haki: Somo kutoka Vijiji vya Kilwa

Mwaka 2009 vijiji viwili vya Wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi, vilipata jambo ambalo hakuna jamii nyingine barani Afrika iliyokuwa imelipata. Vijiji hivyo, Kikole na Kisangi, vilipewa cheti cha kimataifa kinachothibitisha kwamba misitu yao ya asili, inayosimamiwa na wanakijiji wenyewe, inavunwa kwa namna isiyouangamiza msitu wala kumdhulumu mtu. Mti uliowafikisha hapo ni mpingo, ule ule unaochongwa na Wamakonde, na ambao viwanda vya Ulaya na Asia huutumia kutengenezea klarineti, obo na ala nyingine za kupulizwa.

Habari hiyo ni ya zamani kidogo, lakini inafaa kusomwa upya sasa. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni inayodai kwamba mbao, kahawa, kakao na mazao mengine kadhaa yanayoingia katika masoko yake yasitoke katika ardhi iliyofyekwa misitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini mwelekeo ni dhahiri: mnunuzi wa mbali ataendelea kuuliza mti ulikatwa wapi, na nani, na kwa idhini ya nani. Hata mwenye cheti hatasamehewa kujibu swali hilo chini ya kanuni hiyo. Cheti kitamsaidia, lakini hakitajibu badala yake. Kwa hiyo yatupasa kufahamu cheti hiki ni kitu gani, kinaweza nini, na kinashindwa wapi.

Cheti kinachozungumzwa hutolewa chini ya Baraza la Usimamizi wa Misitu, linalojulikana kwa kifupi kama FSC, lililoanzishwa mwaka 1993 na ambalo leo lina makao yake mjini Bonn, Ujerumani. Baraza hilo lina kanuni kumi. Miongoni mwake ni kutii sheria za nchi, haki za wafanyakazi, haki za wenyeji wa eneo, na utunzaji wa mahali penye thamani ya pekee kama vyanzo vya maji. Wakaguzi wa nje hufika msituni, hupekua daftari, huwahoji wanakijiji, na ukaguzi hurudiwa kila mwaka. Cheti hudumu miaka mitano. Aidha, kila mikono inayolipokea gogo baada ya kutoka msituni, kuanzia mwenye kiwanda cha kuchana mbao hadi mtengenezaji, hutakiwa kuwa na hati yake, ili mbao safi isichanganywe njiani na mbao ya wizi.

Ili kuelewa kwa nini jambo hili lilikuwa kubwa kwa watu wa Kilwa, hatuna budi kukumbuka hali ilivyokuwa kabla yake. Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, na barabara ya kusini ikaanza kupitika kwa urahisi zaidi. Baraka hiyo, tuliyoililia kwa miaka mingi, ilifuatana na malori ya magogo. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC, linalofuatilia biashara ya viumbe na mimea ya porini, lilichapisha ripoti juu ya uvunaji wa miaka ile kusini mwa Tanzania. Ilikadiria kwamba hadi asilimia 96 ya mrabaha uliopaswa kukusanywa kutokana na magogo ulikuwa ukipotea. Ripoti hiyo ilionesha pia kwamba takwimu za forodha za China zilirekodi mbao zilizotoka Tanzania kwa kiasi cha takribani mara kumi ya kile ambacho daftari za Tanzania zilisema kimeuzwa huko. Mzigo ni ule ule na meli ni zile zile, ila kila daftari lina hesabu yake.

Msomaji wa Maandiko Matakatifu atakumbuka hapa sura ya kumi na tisa ya kitabu cha Mambo ya Walawi, inayokataza udanganyifu katika kipimo cha urefu, cha uzito na cha ujazo. Magogo hupimwa kwa urefu na kwa ujazo. Katika vijiji vingi vya kusini wakati ule mwenye kamba ya kupimia alikuwa mfanyabiashara, na mwenye kalamu alikuwa mtumishi aliyekuja naye. Mwanakijiji alilipwa ujira wa kubeba, na pengine soda.

Kilichobadilisha mambo hakikuwa cheti peke yake, wala hakikutoka Ulaya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ziliviwezesha vijiji vya Tanzania kutenga misitu yao kuwa hifadhi ya kijiji, kutunga sheria ndogo, na kubaki na mapato ya uvunaji. Jambo hili si dogo, kwani Tanzania Bara ina takribani hekta milioni 48 za misitu, na karibu nusu yake iko katika ardhi ya vijiji. Shirika la hapa nchini la Mpingo Conservation and Development Initiative liliwasaidia wanakijiji wa Kilwa kupima mipaka, kuhesabu miti na kuandaa mipango ya uvunaji. Ndipo cheti kikafuata, kikishikwa na shirika hilo kwa niaba ya vijiji vyote vilivyojiunga, maana hakuna kijiji kimoja ambacho kingeweza kumudu gharama ya kuwalipa wakaguzi.

Nyundo ya kugongea alama kwenye magogo sasa ikawa mikononi mwa Kamati ya Maliasili ya Kijiji. Kamati ndiyo inayopima, inayoandika na inayogonga alama. Mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoamua fedha zitumike kwa nini. Zimejengwa madarasa na kuchimbwa visima. Wengi wa wanavijiji hao ni ndugu zetu Waislamu, nami nalitaja hilo kwa sababu baadhi yetu hudhani kwamba utunzaji wa nyumba ya wote ni ajenda iliyoanza na waraka wa *Laudato si'* wa mwaka 2015. Watu hawa walikuwa wakifanya doria porini, na kuchoma nyasi mapema ili kuzuia moto mkali wa kiangazi, miaka kadhaa kabla ya hayati Baba Mtakatifu Fransisko kutuandikia waraka ule.

Mafundisho Jamii ya Kanisa yana jina kwa jambo hili. Ni kanuni auni, aliyoifafanua Papa Pio XI mwaka 1931: kile ambacho jumuiya ndogo inaweza kukitenda yenyewe, jumuiya kubwa isikinyakue, bali iisaidie pale inapokwama. Mara nyingi tunaifundisha seminarini kana kwamba inahusu serikali na shule za Kanisa tu. Kilwa inatuonesha kwamba inahusu hata nani anashika kamba ya kupimia gogo.

Hata hivyo, tusiwe wepesi wa kusifu. Ahadi iliyoambatana na cheti ilikuwa kwamba mnunuzi mwenye dhamiri angelipa zaidi. Wapo walioitikia, hasa katika biashara ya ala za muziki. Lakini soko la mpingo wa ala ni jembamba mno: mti huhitaji miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa, na sehemu ndogo tu ya gogo ndiyo isiyo na ufa wala kasoro. Biashara yenyewe ikapata pia masharti mapya pale jamii yote ya miti ya *Dalbergia*, ambayo mpingo ni mmojawapo, ilipowekwa mwaka 2017 chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES. Ala zilizokwisha kutengenezwa zilipewa nafuu mwaka 2019. Basi vijiji vikageukia miti mingine, kama mninga na mkongo, ambayo wanunuzi wake wengi ni wafanyabiashara wa hapa hapa nchini. Nao hawaongezi hata shilingi moja kwa ajili ya cheti, kwa sababu wateja wao hawajawahi kukiuliza.

Vilevile cheti hakimtakasi aliyekishika. Mwaka 2011, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wanakijiji wa Yalisika walidai kampuni ya magogo itimize ahadi zake za huduma za jamii. Polisi na wanajeshi wakaletwa. Watu walipigwa, wanawake walibakwa. Kampuni mama ya Ulaya ilikuwa na vyeti vya FSC kwa shughuli zake nyingine, na iliwachukua wenye Baraza hadi mwaka 2013 kujitenga nayo, kisha ikarudishwa mwaka uliofuata. Sisemi haya ili kuudharau mfumo mzima. Nasema kwamba mkaguzi anayelipwa na mkaguliwa, na anayefika mara moja kwa mwaka, hawezi kuona yote. Aonaye ni yule anayelala pembeni mwa msitu, mradi awe na haki ya kusema na daftari la kuthibitisha usemi wake. Tofauti kati ya Kikole na Yalisika haikuwa muhuri. Ilikuwa ni swali la msitu ni wa nani.

Sasa niwageukie waamini wenzangu, nikianzia kwangu mwenyewe. Miaka michache iliyopita, katika parokia niliyokuwa nikihudumu, tulinunua mbao za mninga kwa ajili ya mabenchi ya kanisa. Bei ilikuwa nafuu ajabu. Zililetwa usiku. Mzee mmoja wa kamati ya ujenzi aliniuliza kwa upole, "Baba, hati ya kusafirishia ipo?" Nikamjibu kwamba fundi ameshughulikia kila kitu. Sikuwa nimeiona hati yoyote, wala sikuiomba. Tulibariki mabenchi yale, waamini wakaketi, nami nikahubiri juu ya uumbaji.

Katika mwaka ule ule ambao Kikole na Kisangi walipata cheti, Baba Mtakatifu Benedikto XVI alitufundisha katika waraka wa *Caritas in veritate* kwamba kununua si tendo la kiuchumi tu, bali pia ni la kimaadili. Tumezoea kulisikia fundisho hilo kama onyo kwa walaji wa nchi tajiri. Lakini mbao za misitu yetu nyingi haziendi Hamburg wala Shanghai. Zinaishia kwenye vitanda vyetu, milango yetu, paa za vigango vyetu na majeneza yetu. Kanisa katika nchi hii ni mjenzi mkubwa: parokia, shule, zahanati, nyumba za watawa. Kama kila kamati ya ujenzi ingeuliza maswali matatu, yaani mbao zimetoka kijiji gani, kijiji hicho kimelipwa, na hati iko wapi, kijiji chenye daftari safi kingekuwa na mnunuzi bila kumngoja mpiga klarineti wa Vienna. Kijiji kisicho nalo kingekuwa na sababu ya kulianzisha.

Najua jibu litakalokuja, kwa kuwa nimelitoa mimi mwenyewe: sisi ni maskini, sadaka ni haba, tutanunuaje cha ghali? Ni hoja ya kweli, wala siidharau. Lakini unafuu ule wa mninga wa usiku uliletwa na mtu fulani. Ulikuwa ni mrabaha ambao haukulipwa, na darasa ambalo kijiji fulani hakikujenga. Maskini alikuwa amemlipia maskini, pasipo kuulizwa.

Mwaka huu kigango chetu kimoja kinahitaji paa jipya. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ameleta makadirio mawili: moja la mbao zenye hati, kutoka kwa muuzaji anayeweza kukitaja kijiji na kuonesha stakabadhi yake, jingine la bei ya chini, lisilo na maelezo. Tofauti ya bei inatosha kununua mabati ya upande mmoja wa paa. Halmashauri Walei itaketi baada ya Misa ya pili, Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, na makadirio yote mawili yamebandikwa kwenye mbao za matangazo ili kila jumuiya iyasome kabla ya kikao.