Kompyuta si Ndizi ya Kuvundikwa

Kuna kauli iliyozagaa huku kwetu Pwani, kutoka Vanga mpaka Lamu, ya kwamba kompyuta hazidumu kwa sababu ya joto letu. Mashine ikianza kunguruma kama lori la mchanga linalopanda mlima, kisha ikajizima katikati ya kazi, mwenyewe hupangusa jasho na kusema, "Hii ni hewa yetu bwana, haina dawa." Baada ya hapo huanza kudunduliza fedha za kununua nyingine. Kauli hiyo ina chembe ya ukweli, lakini chembe si kibaba. Anayetaka kuipima na aende Keumbu.

Keumbu ni soko lililo kando ya barabara itokayo mji wa Kisii kwenda Keroka. Ni mahali pa vilima, migomba na mvua za karibu mwaka mzima, na mtu wa Mombasa akishuka garini huko jambo la kwanza ni kuulizia sweta. Sifa ya soko hilo ni ndizi. Mikungu hupangwa kando ya njia, wanunuzi huja na malori, na ndizi hizo huliwa mpaka Nairobi. Lakini siku hizi, kama ilivyo katika kila soko la Kenya, karibu na muuza ndizi yupo mwenye saiba. Tangu serikali ianzishe eCitizen mwaka 2014, vyeti, leseni na maombi mengi hupitia humo, na asiye na kompyuta hana budi kwenda kwa aliye nayo.

Basi huko pia, pamoja na baridi yote ile, kompyuta hushikwa na joto zikajizima. Na hazichagui siku. Aghalabu hujizima siku ya kazi nyingi, mathalan tarehe 30 Juni, mwisho wa kupeleka taarifa za kodi kwa KRA, au siku za mwisho za kuomba mkopo wa masomo. Kijana aliyepanga foleni tangu asubuhi hukosa nafasi, na mwenye duka hukosa riziki ya siku. Je, hapo tumlaumu nani, na jua la Mombasa halifiki Keumbu?

Ukweli, ndugu msomaji, ni kwamba adui mkubwa wa kompyuta ni joto linalozaliwa tumboni mwake mwenyewe. Ndani ya mashine kuna kipande kinachoitwa prosesa, ambacho ndicho bongo lake. Prosesa ya kawaida ya kompyuta ya mezani huweza kutoa joto la wati 65. Wenye umri kama wangu wanazikumbuka globu za stima za wati 60, ambazo ukizigusa zimewaka lazima uache ngozi. Sasa chukua joto lile, ulikusanye katika kipande kisichozidi sana ukucha wa kidole gumba, kisha ulifungie ndani ya kisanduku. Lisipopata pa kutokea, kwa muda mfupi litapanda kukaribia nyuzi 100. Hapo prosesa hujipunguzia mwendo ili ijiokoe, na kompyuta ikawa nzito kama mzee mwenye homa. Isipopoa, hujizima kabisa. Kujizima huko ni kinga iliyowekwa na watengenezaji, wala si kufa.

Na si masikini peke yao wanaopambana na jambo hili. Kompyuta ya ENIAC iliyozinduliwa Marekani mwaka 1946 ilikuwa na valvu zipatazo 18,000, ikila stima ya kilowati 150 hivi, na ilibidi ijengewe mitambo ya kuipepea. Mwezi wa Mei mwaka 2004 kampuni ya Intel ilifuta mpango wa prosesa yake iliyopewa jina la Tejas, na joto lilikuwa miongoni mwa sababu kubwa. Badala ya kuzidisha mbio za prosesa moja, ikageukia zile zenye bongo mbili katika kipande kimoja. Ikiwa tajiri kama yule alisalimu amri mbele ya joto, sisi ni nani tulipuuze?

Njia ya kulitoa joto hilo ni nyepesi kuieleza. Juu ya prosesa hukaa kipande cha alumini au shaba chenye mapezi membamba, mafundi hukiita hitisinki. Kazi yake ni kunyonya joto na kulitandaza. Kati ya hitisinki na prosesa hupakwa marhamu fulani, mafundi huiita pesti, ili kuziba vijishimo visivyoonekana kwa macho, kwani hewa inayobaki humo hupitisha joto vibaya mno. Halafu huja feni, ikayapuliza mapezi na kulisukuma joto nje. Ni watu watatu wanaopokezana mzigo. Mmoja akizembea, mzigo unabaki pale pale.

Wanaozembea ni nani? Wa kwanza ni vumbi. Feni huvuta hewa, na hewa huja na vumbi, nalo haba na haba hujaza kibaba. Baada ya miaka miwili au mitatu mapezi yamefunikwa na kitu kama blanketi la sufi. Wa pili ni ile marhamu, ambayo kwa miaka hukauka ikapasuka kama udongo wa kiangazi. Wa tatu ni sisi wenyewe, kwa namna tunavyoiweka mashine. Tunaisukuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, tunaitia ndani ya kabati la meza, tunaivisha kitambaa cha kufuma ipendeze. Laptopu tunaiweka juu ya godoro, matundu yake ya chini yakazibwa na shuka.

Hapa watu wa Keumbu wana neno la kutufunza, kwa kuwa wao ni watu wa ndizi. Anayetaka ndizi ziive upesi huzivundika. Huzifunika mahali pasipopita hewa, joto lao wenyewe likawarudia, zikaiva. Akitaka zifike mbali zikiwa mbichi, huziachia nafasi zipumue. Kila mfanyabiashara wa ndizi anaijua hesabu hiyo bila ya kwenda chuo kikuu. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo akinunua kompyuta huivundika, kisha hushangaa ikiiva.

Sasa tufanyeje, na mfuko ni mwembamba? Shauri langu ni kwamba mtu aanze na lisilo na gharama, fedha zifuate mwisho.

Kwanza, iweke mashine mahali panapopita hewa. Iache shubiri moja baina yake na ukuta, itoe kabatini, iondoe sakafuni ambako vumbi ni jingi. Laptopu iweke juu ya meza au ubao, na nyuma yake uinyanyue kwa vijiti viwili. Pili, punguza kazi zisizo na haja. Katika mipango ya stima ya Windows pana mahali pa kuweka kikomo cha juu cha prosesa. Ukikishusha kutoka asilimia 100 hadi 99, katika kompyuta nyingi prosesa huacha zile mbio zake za ziada, na joto hupungua. Anayeandika barua na kuchapa vyeti hataona tofauti kubwa. Ziko pia programu za bure za kukuonyesha nyuzi za joto, na ni bora kupima kabla ya kutibu.

Tatu, isafishe. Zima mashine, chomoa waya, fungua ubavu wake, utoe vumbi kwa brashi laini iliyo kavu au kwa bloa. Feni uishike kwa kidole isizunguke ovyo unapoipuliza. Usipulize kwa mdomo, kwani pumzi ina maji. Nne, badilisha marhamu. Mrija mdogo huuzwa kwa shilingi mia chache na hutosha mashine kadhaa. Ile ya zamani ipanguse kwa kitambaa kilichotiwa spiriti ya kusafishia, kisha utie mpya kiasi cha punje ya mbaazi. Ukizidisha umeharibu, kwa sababu marhamu yenyewe haipitishi joto kama chuma. Kazi yake ni kuziba vijishimo tu. Asiye na mkono mtulivu na amwite fundi, hasa kwa laptopu ambazo skrubu zake ni ndogo na nyaya zake nyembamba.

Tano, ikiwa umefanya yote hayo na joto halijashuka, hapo ndipo ununue. Anza na feni ya pili ya kisanduku: ya mbele ivute hewa baridi, ya nyuma itoe ya moto. Zikivuta zote mbili au zikitoa zote mbili, umepoteza nusu ya faida. Baada ya hapo ndipo ufikirie hitisinki kubwa zaidi, na uhakikishe inaoana na mashine yako.

Zipo pia dawa za mkato ambazo sizisifu. Kuna anayeacha ubavu wa kompyuta wazi mwaka mzima na kuielekezea feni ya nyumba. Hupoa leo, lakini anaikaribisha vumbi na mijusi. Kuna anayepaka dawa ya meno badala ya marhamu. Hukauka upesi na tatizo likarudi. Na kuna anayeweka barafu au kitambaa chenye maji karibu na mashine. Huyo anatafuta moto mwingine, wa stima.

Nimesema kauli ya watu wetu ina chembe ya ukweli, nami siifichi. Feni haiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la chumba. Kwa hiyo kompyuta inayofika nyuzi 70 katika chumba cha Keumbu chenye nyuzi 20, itakaribia 80 katika chumba cha Mombasa chenye nyuzi 30, kwa kazi ile ile. Juu ya hayo tuna hewa ya chumvi inayokula vyuma. Lakini maana yake ni kwamba mtu wa Pwani inampasa kusafisha mara mbili pale ambapo mwenzake wa bara anasafisha mara moja. Si hoja ya kukaa kitako na kulilaumu jua.

Tena sisi ndio tusiofaa kushindwa na joto, maana elimu ya kulishinda ni urithi wetu. Tazameni nyumba za kale za Lamu: kuta nene za matumbawe, dari za boriti zilizoinuka, kiwanda cha kati kilicho wazi juu, na vichochoro vyenye kivuli. Ng'ambo ya bahari, katika Ghuba, wenzetu walijenga minara ya kunasa upepo na kuushusha vyumbani. Wazee wale waliupangia ubaridi nafasi, hawakuununua. Walijua upepo unaingia wapi na unatoka wapi, katika kaskazi na katika kusi.

Mtungi nao je? Maji hupenya udongo wake, yakageuka mvuke, na mvuke ukaondoka na joto. Katika laptopu na katika hitisinki nyingi za leo mna mirija ya shaba iliyozibwa, yenye maji kidogo ndani. Maji hugeuka mvuke upande wa moto, mvuke hukimbilia upande wa baridi, ukarudi kuwa maji. Mrija wa namna hiyo uliundwa Marekani na George Grover huko Los Alamos mwaka 1963. Siku hizi tunauona ni ajabu ya wazungu, na mtungi tumeufanya pambo la hoteli. Laiti tungalikumbuka kwamba jambo ni lile lile, tusingaliiogopa mashine hata kidogo.

Liko na jambo la dhamana. Sisi tuliokaa mkekani tangu utotoni tulifunzwa kwamba israfu ni dhambi, hata katika maji ya udhu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka mwaka 2024 ilisema kwamba katika mwaka 2022 dunia ilizalisha taka za vifaa vya umeme tani milioni 62, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kutumiwa tena kwa njia inayofaa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft nayo ilikoma kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10, na mashine nyingi zilizo nzima zikaingia katika hatari ya kutupwa, hali zingeweza kuwekewa programu nyingine na kuendelea na kazi. Tukiongeza juu yake zile tunazozitupa kwa sababu ya vumbi, tutajibu nini?

Sisemi kila mashine ihifadhiwe. Iliyoungua imeungua, na iliyochoka ina haki ya kupumzika. Nasema isihukumiwe kabla ya kufunguliwa na kusafishwa. Nashauri kila madrasa na kila shule iliyopewa kompyuta za msaada imteue mtu mmoja, awe mwalimu au mwanafunzi mkubwa, apewe brashi, mrija wa marhamu na daftari la tarehe, azisafishe kila baada ya miezi mitatu. Wenye saiba nao wafanye hivyo mapema mwezi wa Juni, kabla ya foleni kufika mlangoni. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa leo ni bei ya kompyuta mpya, ambayo wengi wetu hatunayo.